Mkopo wa simu haukuundwa kulipa karo ya masta

Kila Novemba na kila Machi, vyuo vikikaribia mitihani, swali lilelile huanza kuingia kwenye dawati letu la huduma kwa wateja. Maneno hubadilika kidogo, kiini ni kimoja: "Naomba mniongezee kiwango cha mkopo. Mtihani ni Jumatatu na bado nina salio la karo." Anayeuliza si kijana wa mwaka wa kwanza. Mara nyingi ni mtu mzima: mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti, anayesoma uzamili jioni na wikendi, na ambaye amekuwa akilipa mikopo yake kwetu vizuri kwa miaka. Yaani ni mteja wa aina ambayo kampuni yoyote ya pesa za simu ingefurahi kumkopesha.

Sasa hapa tunataka kusema jambo ambalo huenda wenzetu wa idara ya mauzo wasilipende. Mkopo wa simu si pesa ya kulipia shahada. Tunautoa sisi wenyewe, kwa hiyo hatumsengenyi jirani. Ni pesa ya kuziba pengo la siku chache: gesi imeisha, mtoto amepata homa usiku, mshahara unaingia Ijumaa. Masta ni safari ya miaka miwili kwenye karatasi, na kwa wengi wetu inafika minne. Ukichukua pesa ya siku 30 ukailipia kitu cha miaka miwili, hata uwe na nidhamu kiasi gani, hesabu itakushinda.

Hebu tuifanye hiyo hesabu, maana watu wengi huiogopa kuliko deni lenyewe.

Tuseme unadaiwa karo ya shilingi 40,000 na unaikopa kwenye simu kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ada hiyo ni shilingi 3,000. Inaonekana ndogo, na kwa mtu anayekopa mara moja akalipa, ni ndogo kweli. Lakini fikiria siku ya 30. Unatakiwa ulipe 43,000. Ungekuwa nazo, si ungelipa karo moja kwa moja? Kwa hiyo unatoa mshahara, unalipa 43,000, na kesho yake unakopa tena 40,000 ili ulipe kodi ya nyumba na upate nauli. Mwezi unaofuata, vivyo hivyo. Ukizungusha mara 10, umelipa shilingi 30,000 za ada na deni la 40,000 bado linakuangalia tu. Asilimia 7.5 kwa mwezi, ukiihesabu kwa mwaka mzima, ni asilimia 90.

Linganisha. Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, ukikopa hizo hizo 40,000 na kuzilipa kwa miezi 12, jumla ya riba ni kama shilingi 2,600. Hiyo ni chini ya ada ya mwezi mmoja tu ya mkopo wa simu. Na riba ya mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza, ile asilimia 4 kwa mwaka, kwa 40,000 ni shilingi 1,600 kwa mwaka mzima.

Mmoja wetu kwenye timu hii inayoandika aliwahi kuingia kwenye mzunguko huo kabla hajaja kufanya kazi hapa. Alikuwa anasoma uzamili jioni, Nairobi, na karo ya muhula wa pili akailipa kwa mikopo ya simu mitatu kutoka kwa wakopeshaji watatu tofauti. Kufikia mwezi wa nne, mshahara ulikuwa unaingia asubuhi na kufikia saa sita mchana umeisha. Akaahirisha muhula. Aliporudi, wenzake walikuwa wameshamaliza masomo ya darasani na yeye anakaa na watu asiowajua. Alipokaa chini kujumlisha ada alizolipa mwaka ule, zilikuwa karibu sawa na karo ya ule muhula alioahirisha. Mpaka leo anasema kosa lake halikuwa kukopa. Kosa lilikuwa kutouliza mapema pesa za masta zinatoka wapi, akadhani zitajipa tu.

Na kusema kweli, wengi wetu tunaingia uzamili hivyo. Shahada ya kwanza ilipangwa na watu wengine: wazazi, harambee ya kanisani, basari ya eneo bunge, HELB. Ule mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo ulioanza 2023 nao ulilenga wanaotoka sekondari. Ukifika uzamili hakuna anayekupangia. Unapewa barua ya kukubaliwa na karatasi ya karo, basi, na unatarajiwa ujue mengine.

Kuhusu karatasi hiyo ya karo: isome mpaka ukurasa wa mwisho, kisha ujue kwamba haijasema yote. Watu wengi hupanga bajeti ya masomo ya darasani kisha wanakwama kwenye tasnifu. Hapo ndipo gharama zisizo na jina huanza kujitokeza. Kuna malipo ya kamati ya maadili ya utafiti. Kuna kibali cha NACOSTI. Kuna kwenda uwandani, na kama utafiti wako uko Lodwar na wewe uko Thika, nauli na malazi peke yake ni bajeti. Kuna wasaidizi wa kukusanya data, mtu wa kuandika mahojiano yaliyorekodiwa, pengine mtaalamu wa takwimu. Kuna kuchapisha nakala za watahini, kurekebisha, kuchapisha tena, kujalidi. Halafu miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 inataka mwanafunzi wa uzamili awe na angalau makala moja kwenye jarida la kitaaluma lenye uhakiki, na wa uzamifu angalau mbili. Majarida mengine hutoza pesa. Mengine hutoza pesa na hayahakiki chochote, na hayo ndiyo humtumia mwanafunzi barua pepe tamu kila Jumatatu. Muulize msimamizi wako kabla hujatuma hata senti.

Na kuna gharama moja ambayo haimo kwenye karatasi yoyote: muda. Rasimu yako inakaa mezani kwa msimamizi, muhula unageuka, na vyuo vingi vitakutoza tena usajili wa muhula mpya. Ukikosa 15,000 za kwenda uwandani mwezi wa Mei, unaweza kulipa mara mbili yake ifikapo Januari, kwa usajili tu. Ndiyo maana tunasema, kama una kiasi fulani cha kuanzia masta, usikimalize chote kwenye mihula ya darasani. Weka sehemu ya tasnifu pembeni tangu siku ya kwanza, kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa au mfuko wa soko la fedha uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, mahali ambapo huwezi kuigusa ukiwa na njaa ya saa mbili usiku. Hata ikiwa ni 2,000 kwa mwezi. Kwa miezi 18 hizo ni 36,000 kabla ya faida yoyote, na 36,000 zinaweza kumtoa mtu uwandani na kumrudisha.

Sasa, pesa zenyewe ziko wapi?

Anza na HELB, hata kama una deni lao la zamani. Wengi hawajui kwamba wana mikopo ya uzamili na uzamifu pia. Soma masharti ya mwaka wako kwa makini, kwa sababu mwenye kazi na asiye na kazi hawaombi mkopo mmoja. Lakini hilo deni la zamani lisikusahau. Marejesho ya mkopo wa shahada ya kwanza huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na kuingia masta si sababu ya kunyamaza. Faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwaka mmoja wa kunyamaza ni 60,000, yaani umejilipisha karo ya watu wengine bila kukaa darasani. Waandikie, waeleze hali yako, mkubaliane kiasi. Mkopeshaji anayejua ulipo ni tofauti kabisa na anayekutafuta.

Pili, kazini kwako. Hapa tunashangaa kila mara. Mtu anatafuta ufadhili Uingereza, Ujerumani, Marekani, kumbe idara yake mwenyewe ina fungu la mafunzo ambalo hakuna aliyeliomba mwaka huo. Nenda kwa afisa wa rasilimali watu, uliza kwa maandishi: kuna likizo ya masomo, kuna kurudishiwa karo ukifaulu, kuna mkataba wa kubaki kazini miaka kadhaa baada ya kuhitimu? Huo mkataba usome kabla ya kusaini. Kufungwa miaka mitatu kwenye kazi unayoipenda si neno. Kufungwa kwenye kazi uliyosomea masta ili uikimbie, hiyo ni habari nyingine.

Tatu, Sacco. Kwa kawaida unakopa hadi mara tatu ya akiba yako, kwa wadhamini. Ukijua utaanza masta mwaka ujao, basi anza kuweka akiba leo, maana Sacco nyingi zinataka uwe mwanachama kwa miezi kadhaa kabla ya kukopa. Chama cha wanawake wa mtaani kwako nacho kinaweza kupanga zamu yako iangukie mwezi wa karo. Kuna watu wamesoma hivyo mpaka wakavaa joho, na hakuna aliyewaandikia makala.

Nne, na hapa tuseme polepole kidogo, kuna ufadhili wenyewe, ule wa kuomba. Vijana wetu hudhani ufadhili maana yake ni ndege. Lakini baadhi ya pesa nzuri za utafiti barani Afrika zinagawiwa kutoka hapa hapa Nairobi. African Economic Research Consortium, iliyoanzishwa 1988, inafadhili masomo ya uchumi. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimewalea wanafunzi wengi wa uzamifu, na ndicho pia kinachosimamia mfuko wa RSIF wa wanasayansi wa uzamifu kutoka nchi za Afrika. CARTA, inayoongozwa kutoka kituo cha APHRC, inafadhili uzamifu katika afya ya umma kwa wafanyakazi wa vyuo washirika, Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Moi vikiwemo. DAAD ya Ujerumani ina ofisi Nairobi na inafadhili watu kusoma ndani ya nchi au kanda, si lazima uende Berlin. Serikali yetu nayo ina Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, uliotokana na sheria ya sayansi ya 2013.

Halafu kuna mlango ambao hautangazwi: mradi wa mhadhiri. Mhadhiri aliyepata ruzuku ya utafiti mara nyingi ana nafasi ya mwanafunzi mmoja au wawili ndani yake, na nafasi hiyo humwendea yule aliyemjua mapema. Kabla ya kuchagua chuo kwa sababu kiko karibu na kituo cha matatu, tafuta nani anafanya utafiti wa jambo unalolipenda na ana pesa za kuufanya. Mwandikie aya tatu fupi. Mwambie umesoma kazi yake gani na wewe unataka kuuliza nini. Usiandike "Mpendwa Profesa, natafuta ufadhili wowote". Barua hiyo anaipata kila siku.

Ukitaka kwenda nje, jua kalenda. Chevening ya Uingereza kwa miaka ya karibuni hufunguliwa Agosti, na masomo yenyewe huanza Septemba au Oktoba ya mwaka unaofuata. Inataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao una dirisha lake. DAAD ya ndani ya kanda kwa kawaida inataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Kwa hiyo anayesema "wacha kwanza nijipange, nitaomba baadaye" anaweza kujikuta amejipanga mpaka mlango ukafungwa. Na hata ufadhili unaolipa kila kitu haulipi kila kitu mapema. Pasipoti, cheti cha tabia njema, nakala rasmi za matokeo, mtihani wa Kiingereza ikiwa chuo kinautaka, kipimo cha kifua kikuu cha viza ya Uingereza: pengine utarudishiwa baadhi, lakini kwanza unatoa mfukoni. Tumewahi kupokea simu ya mtu aliyepata ufadhili kamili na anataka mkopo wa simu wa kutafutia karatasi. Huyo tulimwelewa. Pengo lake lilikuwa la wiki chache na alijua pesa zinaingia lini.

Kwa kuwa sisi kazi yetu ni kutuma pesa, tuongeze neno kuhusu matapeli. Kila msimu wa maombi hutokea ukurasa wa mtandaoni au kikundi cha WhatsApp kinachosema umechaguliwa, tuma 3,500 za "kushughulikia faili". Chevening haitozi ada ya maombi. Jumuiya ya Madola haitozi. DAAD haitozi. Mfadhili wa kweli hakuombi umtumie pesa kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi. Kabla ya kubonyeza tuma, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama ufadhili ni wa serikali ya nchi fulani na jina ni la jamaa wa kawaida tu, simama hapo hapo. Ukishatuma, tupigie mara moja, si baada ya kumngoja akujibu. Kadiri dakika zinavyopita ndivyo pesa hizo zinavyotolewa kwa wakala mji mwingine, na sisi hatuna uwezo wa kuzirudisha zikishatoka.

Haya, tuseme umepata. Posho imeingia, ya miezi mitatu kwa mkupuo, baada ya kuchelewa miwili. Hapa ndipo tunaona watu wenye akili nyingi wakifilisika kwa wiki tatu, na si kwa starehe. Kwanza wanalipa madeni ya ile miezi miwili ya kungoja: duka, kodi, rafiki. Pili, ujumbe unaingia kutoka kwa shangazi: "Mwanangu, nimesikia umepata ufadhili, Mungu ni mwema. Yule mdogo wako amerudishwa nyumbani, karo." Utamkataliaje shangazi aliyekulea? Hatutakwambia umkatalie. Makala nyingi za pesa hukwambia ujifunze kusema hapana, na zimeandikwa na watu ambao hawana shangazi.

Tunachokwambia ni ujilipe mshahara. Posho ya miezi mitatu ikiingia, igawe siku hiyo hiyo kwa minne, si kwa mitatu, kwa sababu ijayo nayo itachelewa. Robo moja ndiyo mshahara wako wa mwezi huu. Zilizobaki zitoe kwenye simu, ziende mahali ambapo kuzirudisha kunachukua siku moja au mbili. Kisha ndani ya mshahara wako weka fungu la nyumbani, kiasi unachokijua, na umwambie shangazi mapema: "Shangazi, kila tarehe 5 nitakuwa natuma 1,500." Weka malipo hayo yajitume yenyewe ukiweza. Shangazi akijua tarehe, na yeye anapanga. Anayetumiwa 1,500 kila mwezi kwa mwaka amepata 18,000, na mara nyingi anaridhika kuliko aliyetumiwa 6,000 mara moja kisha simu ikawa haishikwi.

Kama pesa zako zilitoka kwa harambee, kuna deni lingine ambalo halina riba lakini linauma. Waliokuchangia wanataka kujua umefika wapi. Picha ya risiti ya karo kwenye kikundi, mistari miwili kila mwisho wa muhula, inatosha. Aliyewaeleza watu wake vizuri muhula wa kwanza ndiye anaweza kurudi kwao kwa tasnifu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wanafunzi wa utafiti hutuuliza wakiwa wameshachelewa. Pesa za uwandani usizichanganye na zako. Fungua laini nyingine, au akaunti ya biashara, ya utafiti tu. Mfadhili atakapotaka hesabu, taarifa ya miamala ya laini hiyo ndiyo ushahidi wako: tarehe, jina, kiasi, nambari ya muamala. Ukiwa umelipa wasaidizi wa utafiti kwa laini ile ile unayonunulia sukumawiki, utakaa usiku mzima na kalamu nyekundu ukijaribu kukumbuka 800 za tarehe 14 zilikuwa za nini.

Na ada za kutuma ziandike kwenye bajeti ya pendekezo lako. Hili watu hulisahau kabisa. Tuseme unawarudishia washiriki 300 nauli ya shilingi 200 kila mmoja. Hiyo ni 60,000. Ikiwa kila muamala una ada ya shilingi 7, hizo ni 2,100 zaidi, na kama unataka mama wa kijijini apokee 200 kamili mkononi, ongeza na ada ya kutoa. Usipoandika, utalipa wewe. Tena orodha ya nambari za simu za washiriki ni data ya watu, inalindwa na sheria ya 2019 ya ulinzi wa data. Usiiache kwenye kompyuta ya saiba.

Turudi kwa mteja wetu wa mtihani wa Jumatatu, maana pengine unasoma hii na ni Alhamisi. Hivi ndivyo tungekushauri kama ungekuwa ndugu yetu. Kesho asubuhi nenda ofisi ya fedha ya chuo kabla haijafika saa nne, na usiende mikono mitupu. Lipa ulichonacho, hata kama ni nusu, upate risiti. Omba kwa maandishi kulipa salio kwa awamu, ukitaja tarehe na kiasi: 10,000 tarehe hii, 10,000 tarehe ile. Wakikataa, muone mkuu wa idara na msimamizi wa wanafunzi siku hiyo hiyo, ukiwa na risiti na barua mkononi. Wakikubali nusu na kubaki pengo, hapo sasa fikiria kukopa, lakini kopa lile pengo tu na si karo yote, na kwa mkopeshaji aliye kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu, kiasi ambacho pesa unazojua zinaingia ndani ya siku 30 zitakilipa chote na bado ubaki na nauli ya mwezi. Kama huwezi kutaja pesa hizo zinatoka wapi na tarehe gani, usikope, hata kwetu.

Wiki ijayo, mtihani ukiisha, omba ripoti yako ya mikopo kutoka kwa ofisi ya marejeleo ya mikopo. Unayo haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Halafu chukua karatasi, andika miezi iliyobaki ya masta yako mmoja mmoja mpaka ule wa kujalidi tasnifu, na mbele ya kila mwezi uandike kitakacholipwa na kitatoka wapi. Kwenye ile miezi utakayoacha nafasi tupu, tutumie swali sasa, kabla ya Machi.